UZI: Konsoli (mashine ya gemu) imekufa na waranti imeisha. Pima, dai, ndipo ushike bisibisi

#1 Mita_Kwanza

Wakuu, nafungua uzi huu ili mambo yakae sehemu moja. Swali ni lilelile kila siku: konsoli imezima, duka linasema nenda kwa mtengenezaji, mtengenezaji anasema muda umeisha, na fundi wa jirani anataka kuichoma bodi. Tuanze na dalili zinazotambulika bila kufungua kitu, kisha tuangalie nani anadaiwa. Bisibisi ije mwisho, maana anayefungua kwanza mara nyingi anaua dai lake mwenyewe.

Konsoli hazifi ovyo ovyo. Zipo zinazokufa wiki za mwanzo kwa sababu kapasita (kijidude cha kutunza chaji kwenye bodi) ilikuwa mbovu au lehemu haikushika kiwandani. Hizo waranti inazibeba bila ubishi. Zipo za ajali, kama maji, kuanguka au kebo iliyovutwa. Halafu kuna uchovu: joto linalopanda na kushuka kila unapowasha na kuzima, kaboni inayosagika ndani ya kijiti cha pedi (kidhibiti cha mkononi), feni iliyokauka. Kundi hili la uchovu huja zaidi mwaka wa pili na kuendelea, wakati karatasi ya mtengenezaji kwa kawaida inaishia miezi 12, na kwa baadhi ya vifaa vya pembeni siku 90. Siiti njama, ila hesabu hiyo haikupigwa kwa faida yako.

Xbox 360 ndiyo kesi ya kusomea. Ilitoka Novemba 2005, Marekani ikiwa na waranti ya siku 90 tu. Taa tatu nyekundu, ishara yake ya kufa, zilipozidi, Microsoft ikasogeza hadi mwaka 1 mnamo Desemba 2006, na Julai 2007 ikatangaza miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili hiyo. Aprili 2009 kosa la E74, msimbo unaotokea kwenye skrini, nalo likaingizwa. Lakini angalieni vizuri: miaka 3 hiyo ilikuwa ya makosa yaliyotajwa, si ya konsoli nzima. Kisoma diski kikifa mwaka wa pili, kilikuwa mzigo wako.

Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, tafuta kama tatizo lako lina mpango wake maalumu. Mipango hii haitangazwi kwenye boksi.

#2 kijiti_kushoto

Mkuu, hizo taa tatu si zilitokana na lehemu isiyo na risasi? Mafundi wengi wanasema ukiipasha bodi kwa hewa moto inapona.

#3 Lehemu183

Inaamka tu, haijapona. Hapa ndipo watu wanapoliwa pesa.

Lehemu yenye risasi ya 63/37 inayeyuka kwenye 183°C, isiyo na risasi kati ya 217 na 220°C. Chipu ya michoro imeshikwa kwa ngazi mbili. Chini kuna mipira ya lehemu unayoweza kuiona ukichungulia pembeni, inayoshika sahani ya chipu kwenye bodi. Juu yake, kati ya jiwe la silikoni na hiyo sahani, kuna nukta ndogo mno za lehemu zilizozungukwa na gundi ngumu. Watu wengi walilaumu mipira ya chini. Mwaka 2021 wahandisi wa Microsoft wenyewe walieleza hadharani kwamba kilichokuwa kinakatika ni miunganiko ya ndani ya chipu, kwa sababu ya kupata moto na kupoa kila mara.

Ukiipasha bodi, gundi inalegea, jiwe linatanuka, nukta iliyopasuka inagusana tena. Mashine inawaka siku kadhaa au wiki kadhaa, kisha nukta inaachia tena. Ndiyo maana hata kubadilisha mipira yote ya chini hakusaidii: umefanya kazi ya saa tatu kwenye ngazi ambayo haikuwa na shida. Dawa ni chipu ya toleo la baadaye. Kwa 360, bodi za Jasper za 2008 zilikuja na chipu ya michoro ya nanomita 65 na zinadumu zaidi. Toleo jembamba la Juni 2010 likaunganisha chipu mbili kuwa moja. PS3 za mwanzo zenye RSX (chipu yake ya michoro) ya nanomita 90 na taa ya njano ni ugonjwa wa ukoo huohuo, ingawa huko pia kapasita bapa za NEC/TOKIN huwa zinachoka, kwa hiyo zipimwe kabla ya kuhukumu chipu.

Fundi anayekupa waranti ya siku 7 baada ya kuchoma bodi anajua vizuri anachokifanya.

#4 Risiti_Mfukoni

Niingie upande wa madai. Kuna vitu viwili ambavyo kaunta za maduka hupenda kuvichanganya. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji. Muda na masharti anaandika yeye. Haki ya kisheria ni deni la muuzaji aliyepokea pesa yako, na haifi kwa sababu tu karatasi ya mtengenezaji imeisha.

Umoja wa Ulaya: angalau miaka 2 dhidi ya muuzaji. Kwa Direktivu 2019/771, sheria ya pamoja ya Umoja inayotumika tangu 1 Januari 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka 1 inahesabiwa ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, na muuzaji ndiye athibitishe vinginevyo. Baada ya hapo nchi nyingi zinakurudishia wewe mzigo wa kuthibitisha, ndiyo maana kupima kwanza, kama Mita_Kwanza anavyosisitiza, kuna thamani.

Uingereza: Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kukataa bidhaa mbovu. Miezi 6 ya mwanzo mzigo wa kuthibitisha ni wa muuzaji. Akitengeneza mara moja ikashindikana, unaweza kudai punguzo la bei au kurudisha. Dai linaweza kupelekwa mahakamani hadi miaka 6, Scotland 5. Hiyo haimaanishi konsoli lazima idumu miaka 6. Maana yake ni kwamba mlango haujafungwa.

Australia hawana namba ya miaka. Sheria inauliza kifaa cha bei hiyo kingetarajiwa kudumu muda gani, na kasoro ikiwa kubwa, mteja ndiye anachagua kati ya pesa yake na kifaa kingine.

Marekani ndiyo dhaifu kwenye orodha hii, karatasi ya mwaka 1 ndiyo inayobeba karibu kila kitu. Ila Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inamzuia mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu tu umetumia kipuri au fundi wa nje. Aprili 2018 FTC, tume ya biashara ya Marekani, iliziandikia barua kampuni sita, zikiwemo Sony, Microsoft na Nintendo, kuhusu masharti ya aina hiyo, na zile stika za "ukibandua umepoteza waranti" zikatajwa. Kwa hiyo stika iliyobanduka peke yake si sababu ya kukukatalia. Kebo uliyoichana ulipofungua, hiyo ni yako.

Barua ya dai iwe fupi: tarehe ya kununua, seriali namba, dalili na msimbo wa kosa kama ilivyo kwenye skrini, ulichojaribu, unachodai, na siku 14 za kujibu. Piga video moja isiyokatwa inayoonyesha seriali namba na kosa lenyewe. Eleza dalili, usibuni chanzo. Neno "labda" kuhusu kuanguka au kumwagikiwa likiingia kwenye barua, ndilo pekee watakalolisoma.

#5 skrini_nyeusi

Wakuu, PS5 inawaka, taa nyeupe imetulia, feni inazunguka, pedi inaunganika, TV inasema hakuna mawimbi (No signal). Kebo imebadilishwa, TV imebadilishwa. Nianzie wapi?

#6 Mita_Kwanza

Taa nyeupe iliyotulia na pedi kuunganika maana yake mashine imemaliza kuamka. Kilichokufa ni njia ya picha: mipangilio, tundu la HDMI, au chipu inayolihudumia. Fuata hivi:

1. Zima kabisa. Shika kitufe cha kuwasha hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde 7. Hiyo ni hali salama. Pedi iunganishwe kwa kebo ya USB, bila waya haitakubali.
2. Picha ikitokea kwenye hali salama, chagua kubadilisha mfumo wa picha, shusha ubora. Mara nyingine shida nzima ilikuwa hapo.
3. Isipotokea, mulika tochi ndani ya tundu. Pini 19. Tafuta iliyopinda, iliyozama, au ulimi wa plastiki uliopasuka. Piga picha ya karibu.

Hapa simama kama bado una dai. Hujafungua kitu na tayari una ushahidi.

Kwa asiye na dai, na bodi iko mezani: mita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu kwenye ardhi ya bodi (upande hasi), mweusi kwenye pini. Pini 1, 3, 4, 6, 7, 9, 10 na 12 ndizo za data ya picha. Nane hizi zinatakiwa kusoma namba zinazokaribiana sana. Pini 2, 5, 8, 11 na 17 ni ardhi, zitasoma sifuri, usishtuke. Moja ya zile nane ikisoma wazi kabisa, kuna kibandiko cha shaba cha bodi kilichong'oka au kifilta kidogo nyuma ya tundu kimekatika. Ikisoma karibu na sifuri, chipu imepiga shoti. Kwenye PS5 chipu hiyo ni MN864739, PS4 Slim na Pro ni MN864729, PS4 ya kwanza ni MN86471A. Hazibadilishani. Angalia pia pini 18, ya volti 5, na 19 ambayo inaiambia konsoli kuna TV upande wa pili. Ikikatika hiyo, konsoli haitoi picha hata kama kila kitu kingine ni kizima.

#7 Lehemu183

Naongeza kwenye kubadilisha tundu lenyewe. Miguu minne ya tundu imezama kwenye shaba nene ya ardhi, inanyonya joto sana. Ukilazimisha kwa hewa moto peke yake utang'oa vibandiko vya shaba vya bodi. Weka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu itiririke), changanya lehemu yenye risasi kwenye kila pini na mguu ili kiwango cha kuyeyuka kishuke, pasha bodi kutoka chini hadi kama 150°C, ndipo hewa moto. Tundu litoke lenyewe, usilivute. Plastiki za jirani zifunike kwa tepu ya joto. Safisha mashimo kwa utepe wa shaba, kisha pombe ya isopropili ya asilimia 99.

#8 skrini_nyeusi

Asante fundi. Na wakisema tundu ni uharibifu wa mteja?

#9 Risiti_Mfukoni

Watasema, jiandae. Ndiyo sababu picha ya tundu inapigwa kabla ya kutuma, ikiwa na tarehe. Pini zikiwa zimenyooka na ulimi mzima, mwambie akuandikie uharibifu uko wapi hasa, na ambatanisha picha. Tundu lisilo na alama ya nguvu lakini halitoi picha, mara nyingi ni lehemu au chipu, si mkono wa mteja. Kama pini zimepinda kweli, hapo huna kesi nzuri. Afadhali utafute fundi wa tundu kuliko kulipa ada ya ukaguzi na usafirishaji wa kwenda na kurudi.

#10 joto_kali

Yangu ni tofauti: PS5 inazima katikati ya gemu zito, ikipoa inawaka tena. Vumbi limetolewa.

#11 Lehemu183

Kwanza hakikisha vumbi limetoka kweli. Ukivua bamba la pembeni kuna matundu mawili ya kukusanyia vumbi. Wengi hupuliza feni tu wakayasahau. Yanyonywe, yasipulizwe kwa ndani.

Ikiendelea, angalia metali kimiminika. PS5 haitumii pesti ya kawaida ya kupitishia joto, inatumia aloi ya gali iliyozungushiwa ukuta wa sponji. Aloi ikianza kuoksidika au kusogea, jiwe la chipu linabaki na sehemu kavu na joto linapanda ghafla. Suala la kusimamisha au kulaza limebishaniwa mno. Mashine ambayo haijawahi kufunguliwa na sponji yake ni nzima inaweza kusimama. Iliyowahi kufunguliwa na sponji kuchanika, usiisimamishe.

Kwa anayefungua: aloi hii inapitisha umeme na inakula alumini. Tone moja juu ya kapasita za pembeni ya chipu na umeua bodi. Kusanya kwa pamba ya masikio na sindano isiyo na ncha, sambaza tabaka jembamba linalong'aa pande zote mbili, juu ya jiwe na juu ya kipoza joto. Kumimina nyingi hakuongezi ubaridi, kunaongeza hatari tu. Wasiojiamini huweka karatasi ya PTM7950, inayolainika kwa joto na haipitishi umeme. Nyuzijoto zinapanda kidogo, ila usingizi unapatikana. Pesti ya kawaida ya kompyuta isiwekwe hapo, chipu hiyo inasukuma joto jingi mno kwenye eneo dogo.

#12 kijiti_kushoto

Tuje kwenye pedi jamani. Mhusika anatembea mwenyewe kushoto, Joy-Con (pedi za Nintendo Switch) na DualSense (pedi ya PS5) zote.

#13 Mita_Kwanza

Ugonjwa mmoja kwenye maumbo mawili. Ndani ya kijiti kuna vipimo viwili vya ukinzani, cha kulia na kushoto, cha juu na chini. Kisugua cha chuma kinapita juu ya njia ya kaboni. Kaboni inasagika, vumbi lake linabadilisha usomaji, na pedi inaamini umesukuma. Moduli za aina hii hutajwa uhai wa mizunguko milioni 2 hivi, na gemu la kurushiana risasi linaimaliza upesi kuliko mtu anavyodhani.

Jaribu mipangilio ya kurekebisha vijiti kwanza. Dawa ya kusafishia kontakti chini ya kifuniko cha mpira husaidia wiki chache, kaboni iliyoisha hairudi.

Joy-Con ni rahisi: skrubu nne za Y00 (kichwa cha mabawa matatu) nyuma, ndani bisibisi ya nyota ndogo. Ukifungua usivute nusu mbili, zimeshikana kwa kebo bapa. Fungua kama kitabu. Chomoa betri kabla ya chochote. Nyanyua kile kibano cha kebo ya kijiti kwa plastiki, si kwa chuma, kikivunjika umepata kazi ya lehemu ambayo hukuipanga. Kijiti kimeshikwa kwa skrubu mbili tu.

DualSense ni lehemu: miguu 14 kwa kila moduli. Hapa ndipo watu huunguza njia za bodi. DualSense Edge ya Januari 2023 ina moduli unayochomoa kwa mkono, lakini unailipia kwenye bei. Ukiwa unafungua, weka vijiti vya sumaku, havina kaboni ya kusagika. Kwenye DualSense vitahitaji kurekebishwa katikati na programu ya kivinjari, vinginevyo vitaanza na drifti (kijiti kujisukuma chenyewe) ya kwao.

#14 Risiti_Mfukoni

Kabla hujanunua vijiti! Joy-Con ndiyo mfano mzuri wa mpango maalumu uliotajwa juu. Baada ya malalamiko ya BEUC, shirika la vyama vya walaji Ulaya, ya Januari 2021, Nintendo iliahidi Tume ya Ulaya mwaka 2023 kutengeneza drifti bure Ulaya, hata waranti ikiwa imekwisha. Marekani nako wamekuwa wakizitengeneza bila malipo tangu kesi za 2019. Kwa Xbox, pedi ya Elite Series 2 ilitoka na siku 90, ikaongezwa hadi mwaka 1 mnamo Oktoba 2020. Tuma ombi kwanza, bisibisi haikimbii.

#15 chaji_haipandi

Switch haichaji, ila kwenye adapta nyingine inaonyesha inapokea kidogo.

#16 Mita_Kwanza

Chukua kipimo cha USB-C cha kupitishia, kinachoonyesha volti na ampea. Adapta halisi, HAC-002, inatoa volti 5 kwa ampea 1.5 na volti 15 kwa ampea 2.6. Switch nzima iliyo kwenye adapta hiyo inaomba 15. Ikiganda kwenye 5, na betri si tupu kabisa, mshukiwa wa kwanza ni M92T36, chipu ya mazungumzo ya umeme. Doki (kituo cha kuunganisha Switch na TV) za bei ya kutupa ndizo huiua: plagi ikikaa vibaya, volti ya juu inagusa pini za mazungumzo zilizo jirani. Betri tupu kabisa inaweza kudanganya kipimo, iache kwenye adapta halisi nusu saa kwanza.

Chipu hubadilishwa. Ila memori ya ndani imefungwa kwa funguo za bodi yake, hivyo usihamishie bodi nyingine ukitegemea kuziona data.

#17 skrini_nyeusi

Hilo la kufungwa lipo kwenye visoma diski pia? Kuna mtu anauza kisoma cha PS4 kizima.

#18 Lehemu183

Lipo. PS4 za kwanza, PS5 za kwanza, na Xbox kuanzia One: bodi ndogo ya kisoma diski imeoanishwa na bodi kuu. Nunua kisoma kwa ajili ya lenzi, mota na roli, kisha hamishia bodi yako ya zamani ndani yake. Bodi yako ikiwa ndiyo iliyokufa, kwenye PS4 hizo diski hazitasomeka tena. PS5 nyembamba ina kisoma cha kuchomeka, lakini nacho kinaoanishwa kwa intaneti mara ya kwanza. Marekani, Oktoba 2021, walitoa ruhusa ya kisheria ya kuvuka kufuli hilo kwa ajili ya kutengeneza kisoma diski. Ruhusa ya kuvuka ipo. Zana za kuvukia hazikugawiwa.

#19 joto_kali

Naipeleka yangu kwa mtengenezaji, imebakiza wiki mbili za waranti. Data inakuwaje?

#20 Risiti_Mfukoni

Ihesabu kuwa imepotea. Wengi hurudishiwa mashine nyingine iliyokarabatiwa, si ile yao, na masharti yanaruhusu. Madhali yako bado inawaka ikipoa, tumia dakika hizo: hifadhi nakala kwenye diski ya USB kupitia mipangilio ya mfumo. Faili za maendeleo ya gemu (saves) za PS5 hazinakiliwi moja moja kwenye USB kama za PS4, ni nakala ya mfumo mzima au wingu la wanaolipia. Sawazisha tuzo kabla, hazimo kwenye nakala hiyo. Toa diski, toa SSD ya ziada kama uliiweka, rudisha skrubu yake.

Fungua ombi leo, usisubiri kupata boksi. Kwa kawaida kinachohesabika ni tarehe ya ombi, kwa hiyo piga picha namba yake. Ikirudi, icheze gemu lilelile zito kwa saa kadhaa siku hiyohiyo: tengenezo mara nyingi hubebwa na siku 90 au muda uliobaki wa waranti ya awali, ulio mrefu zaidi, na wewe una wiki mbili tu za awali, kwa hiyo 90 ndizo zako. Ikizima tena ndani yake, tumia namba ileile ya ombi, usifungue jipya, ili waone ni kasoro moja ambayo haijatibiwa.